Zamu ya Mzee Eleuterio Callisaya

Marehemu Eleuterio Callisaya alizaliwa tarehe 20 Februari 1941 hapa Chuquiñuma, kando ya Ziwa Titicaca, mtoto wa nne wa Mzee Cirilo na Mama Paulina. Alianza masomo mwaka 1953 ilipofunguliwa shule yetu ya kwanza, akiwa na miaka kumi na miwili, magoti hayaingii chini ya dawati. Mwaka 1968 alihitimu falsafa chuo kikuu mjini La Paz, wa kwanza kutoka kijiji hiki. Tunalisema kifua mbele.

Alifundisha falsafa miaka thelathini na mmoja, akaandika vitabu vinne vya mashairi kwa Kiaimara, lugha ambayo wenzake chuoni waliiona ya kuuzia viazi tu. Basi fikra yake kuu aliitoa kwenye viazi hivyo hivyo: baridi inayoua shamba ndiyo inayokausha chunyo, viazi vikavu vinavyokaa ghalani miaka kumi. Alisema mtu asihukumu baridi kabla ya kuuliza imekuja mwezi gani.

Alifunga ndoa na Basilia Huallpara tarehe 8 Agosti 1970. Februari 1987 aliitwa La Paz kupokea tuzo kubwa ya ushairi, na ilikuwa zamu yao kulinda mashamba ya kijiji, kukaa kibandani msimu mzima na kufukiza moshi wa kulifukuza kila wingu la mvua ya mawe linapotokea. Marehemu alitaka kumwachia kaka yake zamu hiyo.

"Mvua ya mawe ikija niiambie nini?" Mama Basilia alimuuliza. "Kwamba mwenyewe yuko mjini anapigiwa makofi? Nenda, profesa. Ila ukirudi usiniulize chakula."

Alibaki. Medali ililetwa na basi wiki tatu baadaye, juu ya magunia ya vitunguu. Mwaka ule kijiji kizima kilivuna, naye alijivunia mavuno yale kuliko medali.

Aliugua mapafu tangu Agosti iliyopita. Mwaka huu zamu ilirudi nyumbani kwake, na bintiye Vicenta, muuguzi wa El Alto anayewasomea wasifu huu, alikataa kuja kuishika, akisema kazi imembana.

"Nani yuko kibandani?" marehemu alimuuliza kwa simu akiwa kitandani.

"Baba, tuzungumzie afya yako."

"Si ndiyo ninayoizungumzia, mwanangu."

Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Februari 2019. Ameacha mjane, watoto watatu, Vicenta, Nicanor na Teodosia, wajukuu saba, na viazi vya kijiji vilivyo kwenye maua.

Baba, nisamehe nilichelewa. Tangu jana mimi na mume wangu tuko kibandani. Sasa pumzika kwa amani.