Fundi Aliyewasha Pikipiki ya Bosi kwa Ufunguo wa Kabati la Chai

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa karakana yetu atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuitumikia ofisi hii ya maji. Jina lake kamili mtalisoma kwenye kadi ya mwaliko. Sisi tuliomzoea tunamwita Fundi Ngoja, kwa sababu hajapata kuletewa pikipiki mbovu asianze na neno hilo. Mteja anapiga simu kwamba bomba limepasuka na sebule imejaa maji, fundi wa mabomba amekwisha kuvaa helmeti, miguu inamwasha, na mzee ameinama anaisikiliza injini. Ngoja kwanza.

Mhariri wa jarida aliniomba wasifu wa heshima, usiozidi kurasa mbili. Heshima ipo. Lakini anayetegemea sifa tupu, za kumpamba mtu mpaka mwenyewe asijitambue, anisamehe tangu sasa.

Mstaafu wetu aliajiriwa kuchimba mitaro. Mwaka wake wa pili kazini pampu kubwa ilianza kuvuja, fundi wa wakati huo akiwa safarini, na nusu ya mji ikawa inakaribia kulala bila maji. Kijana wa koleo akaomba ajaribu. Akatazama huku na huku, akamwona mama wa chai amevua kandambili zake mlangoni, akachukua moja, akaikata duara na kuibana kwenye maungio ya pampu. Maji yakatulia. Kipande kile kilifanya kazi miezi mitatu, koleo akanyang'anywa, akapewa spana. Mama wa chai, ambaye bado yupo nasi, hajaacha kuiulizia kandambili yake.

Baadaye zikaletwa pikipiki tisa, nyekundu zote, za siku moja na kiwanda kimoja. Zilifanana mno. Kilichozitofautisha ni namba iliyopakwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya nyuma, na masika yakianza, tope lilizifanya zote kuwa namba moja.

Nani asiyeikumbuka vita yake na swichi za funguo? Kwa wageni nieleze kidogo. Ndani ya swichi ya pikipiki mna vibati vidogo vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo. Vumbi likiingia na ufunguo ukining'inizwa mizigo, vibati vinalika, meno nayo yanalika, na ufunguo unaanza kucheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Fundi alituhubiria kila Jumatatu: ufunguo wa pikipiki ukae peke yake. Tukaitikia ndiyo mzee, tukaondoka na mafungu yetu yakilia njuga. Dada wa huduma kwa wateja alining'iniza funguo kumi na moja, mbili zikiwa za mlango wa mama mkwe wake, ambao kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa na haja wala hamu ya kuufungua.

Matokeo yake mnayajua. Fundi wa mabomba alifika kwa mteja, akataka kuzima injini, akagundua hana cha kuzimia: ufunguo ulichomoka njiani na pikipiki iliendelea kutembea bila habari. Mwingine aliufunga wake kwenye usukani kwa ukanda wa mpira kama mbuzi. Waliomimina mafuta ndani ya swichi walitolewa uvivu mbele ya watu, kwa kuwa mafuta hukusanya vumbi na kuzidisha ugonjwa. Dawa ya mzee ilikuwa unga wa penseli. Kwa miaka miwili katibu muhtasi alilalamika kwamba ofisi hii ina panya wanaokula penseli. Mama, panya mwenyewe ndiye huyu tunayemuaga.

Lakini penseli haifufui kilichokwisha. Ilifika mahali ufunguo wowote ukawasha pikipiki yoyote. Tukio la miaka sita iliyopita lilitokana na hilo, na mimi ninayeandika ndiye lilikaribia kunila.

Nilikuwa msoma mita mwenye miaka mitatu kazini, nimekabidhiwa pikipiki namba sita. Jumatatu asubuhi naingia uani, namba sita haipo. Ufunguo ninao mfukoni. Nikaita mlinzi, mlinzi akahesabu, zikawa nane. Kabla ya saa nne habari ilikuwa imefika kila meza, na kabla ya chakula cha mchana nilishakuwa nimeiuza pikipiki ya serikali kwa watu wasiojulikana. Hoja yao ilikuwa fupi: pikipiki haiwaki bila ufunguo, ufunguo anao huyu, basi ni huyu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo kikaitishwa kikao cha nidhamu. Barua ya kunifukuza ilikwisha chapwa, imebaki saini. Mke wangu alikuwa mjamzito. Nilikonda kwa siku nne kiasi kwamba mkanda uliomba tundu jipya.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa bosi wetu wa wakati huo. Siku ya kuaga atakuwa nasi, mstari wa mbele, na nilikwenda kumwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alinipa kwa sharti moja: niseme kwamba Ijumaa ya wiki iliyotangulia mvua ilikuwa kubwa. Ndugu wasomaji, mvua ilikuwa kubwa.

Fundi Ngoja aliitwa kama shahidi, saa nane na nusu mchana. Alitakiwa kusema jambo moja tu, kwamba swichi ya namba sita ni nzima, kama alivyotia saini kwenye fomu ya ukaguzi. Akiitikia, nimekwisha. Akasimama, akaisoma fomu yake mwenyewe pole pole, akasema ngoja kwanza. Kisha akamgeukia mama wa chai, aliyekuwa anakusanya vikombe, akamwomba ufunguo wa kabati. Mama akadhani mzee anataka sukari. Akautoa shingoni, na utepe wake wa kijani, akampa. Mzee akatoka nje.

Haikupita dakika, tukasikia pikipiki inawaka uani. Wajumbe wakakimbilia dirishani. Mzee alikuwa amekaa juu ya pikipiki nyekundu, injini inanguruma, na kwenye swichi unapepea utepe wa kijani wa kabati la chai. Mjumbe mmoja alicheka, akakumbuka yuko kwenye kikao cha nidhamu, akakohoa.

Bosi akauliza kwa ukali ni pikipiki gani hiyo. Fundi akajibu kwa adabu zote kwamba ni namba nne. Hapo bosi akatabasamu, akatugeukia, akasema jamani mzee wetu amechoka, umri nao ni mzigo, maana namba nne ni yake yeye, na namba nne iko nyumbani kwake. Aliipanda mwenyewe Ijumaa ile ya mvua, akaiegesha stoo, na wiki nzima amekuwa akiletwa na gari. Kama kuna anayebisha, huu hapa ufunguo. Akautoa mfukoni, akautikisa.

Fundi hakubisha. Alishuka, akavuta kitambaa mfukoni, akafuta tope kwenye madigadi ya nyuma. Namba nne ikatutazama wote.

Mzee akakunja kitambaa, akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia afya ya mgonjwa, kama namba nne iko hapa, hiyo iliyolala kwa mkubwa ni ipi?

Dereva alitumwa. Baada ya nusu saa namba sita ilirudi, koti langu la mvua likiwa bado limekunjwa chini ya kiti. Dereva, ambaye hajui kutunza siri, akatuambia kwamba mke wa bosi alishasikia malalamiko ya mumewe tangu Ijumaa ile: kwamba siku hizi yule fundi hajui kazi, amewekea watu kiti kigumu. Mlinzi naye alipoulizwa kwa nini hakuiona namba sita ikitoka, akafungua daftari la geti na kuonyesha alichoandika: bosi ametoka. Alisema yeye hupiga saluti bosi anapopita, na mtu hawezi kupiga saluti na kusoma namba kwa wakati mmoja. Daftari hilo ndilo Fundi alilolisoma jana yake, akajiuliza bosi alitoka na nini ikiwa namba nne haikuondoka.

Kilichotokea baada ya hapo hakikunichekesha, wala sitaki kichekwe. Mwenyekiti, akijaribu kukusanya heshima yake sakafuni, akauliza iweje fomu zenye saini ya fundi ziseme swichi zote ni nzima. Lilikuwa swali la haki. Mzee akavua kofia. Akasema kwamba ameomba swichi mpya mara nne na mara nne amejibiwa subiri. Alipoandika mbovu, pikipiki zilizuiwa kuingia barabarani, wasoma mita wakatembea kwa miguu juani, na fomu ikarudishwa aandike upya. Basi akaandika nzima. Akaandika hivyo miaka miwili, akijua si kweli. Kosa ni lake, akasema, si la kijana huyu, na adhabu yoyote itakayotoka imfuate yeye.

Wapo walioniuliza baadaye kwa nini hakwenda kumnong'oneza bosi faraghani, mambo yakaisha kiungwana. Nami nilimuuliza. Aliniambia kwamba nilitukanwa mwizi mbele za watu, na mtu aliyechafuliwa hadharani akisafishwa chumbani hubaki mchafu. Halafu akanituma nikamletee spana namba kumi na mbili, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kikao kilivunjika bila uamuzi, maana hakuna aliyejua aanze kumwadhibu nani. Fundi akaona mambo yanacheleweshwa. Jumatatu akajiandikia mwenyewe barua ya onyo kali, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko hiki changu, akaipeleka kwa bosi isainiwe. Bosi, ambaye wiki hiyo hakutaka kumtazama mtu machoni, aliisaini haraka haraka, pamoja na karatasi iliyokuwa chini yake. Karatasi ya chini ilikuwa ombi la tano la swichi mpya tisa na funguo zake. Zilifika mwezi uliofuata. Tangu hapo kila pikipiki inamjua mtu wake, namba zimechongwa kwenye bati badala ya kupakwa rangi, na hakuna iliyopotea tena.

Kazi nyingine za mzee ni nyingi: ameokoa injini zilizokwisha hukumiwa kuwa vyuma chakavu, na amefundisha mafundi saba, wawili kati yao sasa ni wakuu wa karakana kwingine. Barua ya onyo ni moja tu kwenye faili lake, na mwandishi wake ni yeye.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kukusanya habari za wasifu huu. Yeye alinipa tarehe na hadithi za pampu, akasinzia. Mkewe ndiye aliyenisindikiza, na tulipofika getini akanieleza jambo ambalo sikulijua kwa miaka sita.

Mchana wa kikao kile mzee alirudi nyumbani kula, jambo asilolifanya siku za kazi. Sahani ikawekwa mbele yake, hakuigusa. Akamweleza mkewe kuhusu fomu. Akamwambia kwamba akisema kweli anaweza kufukuzwa siku hiyo hiyo na kupoteza mafao ya miaka ishirini na sita, na wao nyumba haijaezekwa na watoto wawili bado wako shule. Akisema swichi ni nzima, hakuna atakayemgusa. Mama alimuuliza swali moja: huyo msoma mita aliichukua pikipiki? Akajibu hapana. Mama akamwambia basi ale upesi, anachelewa kazini.

Akala, akaja.

Fundi, mama, siku ile sikusema asante, na siku zilizofuata nilitumwa spana. Ninaisema leo mbele ya ofisi nzima. Sote tunawatakia afya, usingizi mtamu wa mchana na uzee usio na haraka. Mimi nipo kazini mpaka leo.