Damu Mliyoikataa

Niinulieni mto kidogo, wanangu, kisha nisikilizeni, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubishana. Asaad, funga mlango, keti. Na wewe Tausi, ziache hizo sufuria, njoo ukae hapa kitandani, si mkekani.

Mjukuu wangu Samiha alipozidi kuugua, wewe binti yangu Rawan na mumeo Badru mlimpeleka hospitali kubwa, mkapimwa damu wote watatu. Majibu yakaja kwamba ugonjwa mtoto ameurithi kwa baba na kwa mama, tena kwamba wazazi wake ni ndugu, damu yao imekaribiana kama ya watu wenye babu mmoja. Tangu hapo nyumba hii ya Mabawa haina usingizi. Wewe Asaad, mwanangu wa kwanza, umeshika neno moja tu: Badru atoe talaka. Unasema ni kwa ajili ya mtoto. Mficha uchi hazai, mwanangu, nami leo nitasema.

Nilimuuliza Tausi, mama yake Badru, ambaye ninyi mmemjua kama mtumishi aliyerithi jiko letu kwa mamake. Alilia kwanza. Kisha akanambia kwamba baba yangu, Mzee Sleyum, alimwoa mamake, Bi Kijakazi, kwa ndoa ya siri kule Horohoro, mbele ya shekhe na mashahidi, akamwapisha asiseme. Na yule mama hakumwambia mtu ila bintiye, naye kwa kunong'ona, siku ya kufa kwake. Kumbe huyu aliyenikunia nazi miaka yote ni dada yangu, tena mkubwa wangu, na sikujua, wallahi sikujua. Nina hasira na baba yangu, na nitamwambia hukohuko niendako.

Sasa nijibu, Asaad: mkeo si mtoto wa ami yako? Siku ile hukusema damu imekaribiana. Ulisema damu imerudi nyumbani, tukapiga vigelegele. Lakini Badru alipoleta posa ukasema hana asili, na siku ya nikaha, wewe ndiye walii, ukampa ncha za vidole badala ya kiganja. Ulimkataa kwa kuwa si damu yetu. Leo unamfukuza kwa kuwa ni damu yetu. Binamu kwa binamu Mungu kahalalisha. Kinachokuuma si ugonjwa wa mtoto, ni kumwamkia Tausi shikamoo mama mkubwa.

Rawan, Badru, msiachane kwa neno la mtu. Ila msifanye kiburi: kabla ya mimba nyingine rudini kwa daktari, mfuate atakalowaambia, na kliniki ya Samiha msiikose hata mara moja.

Shamba la Pongwe ni lenu kwa mafungu ya sheria. Nyumba hii niliirithi peke yangu kwa kudhani mimi ni mtoto wa pekee, basi nusu yake ni ya Tausi. Si sadaka wala hisani yangu, ni haki yake iliyochelewa, na imamu nimekwisha kumshuhudisha. Asaad, usinigeuzie uso mimi. Mgeukie huyu, umwamkie... Sijasikia. Tena... Haya. Itikia, Tausi, usilie.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Nikishakufa, chumbani mwa kuniosha Tausi atangulie, ashike kichwa changu, na wengine wamwagie maji. Kaburini washuke Asaad na Badru, mmoja kichwani, mmoja miguuni, na atakayemwonea haya mwenzake asiniguse. Mungu awape watoto wenye afya na vinywa visivyoficha haki ya mtu. Radhi zangu mnazo nyote. Hata wewe, Asaad... sogea, mwanangu... hata wewe.

Dada, mkono wako u wapi? ... Na matangani, watu wakiuliza ni nani huyu mama aliyekaa mbele... msinong'one. Semeni... ni binti mkubwa wa Sleyum.