Saidati Mukeshimana, Aliyelinyamazisha Gari la Wagonjwa

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Saidati Mukeshimana anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Bugoyi, hapa Gisenyi kando ya ziwa, kwa miaka ishirini na saba. Aliingia Machi 1998 na cherehani yake mwenyewe, imefungwa nyuma ya baiskeli ya kaka yake Habib, kwa sababu hakuamini kwamba karakana ya wanaume ingekuwa na cherehani ya maana. Hakukosea. Hatukuwa na cherehani hata moja.

Aliajiriwa kushona vitambaa vya viti. Baada ya miaka mitano alikuwa mkuu wa kitengo cha ndani ya gari: viti, dari, mazulia, na vile vitu ambavyo mteja havioni kwa macho lakini ndivyo vinavyoamua kama safari itakuwa raha au adhabu, yaani vizuia kelele na vizuia joto.

Kelele alikuwa akiitafuta kwa namna yake. Aliketi kiti cha nyuma, akafumba macho, dereva akaendesha hadi Rubona na kurudi, naye akawa ananyoosha kidole tu: hapa, pale, chini ya kiti kile. Mteja mmoja, Mzee Anastase, alidhani fundi analiombea gari lake, akavua kofia kwa heshima mpaka wakafika.

Mimi ninayeandika haya, Nkusi, msimamizi wa mafundi, nilioa mwaka 2011. Saidati alipita kando ya gari la maharusi, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole na kumnong'oneza bibi harusi kwamba ndani kuna maji. Jumatatu yake tulifungua ule mlango, tukatoa maji ya nusu jagi. Mke wangu mpaka leo humwamini Saidati kuliko anavyoniamini mimi.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ile ya Oktoba 2019. Kituo kimoja cha afya cha milimani kilituletea Land Cruiser ya mwaka 1994, gari la wagonjwa lililokuwa limeegeshwa miaka mitatu, ili tulifufue. Injini ilifufuka vizuri. Shida ilikuwa nyuma, anapolala mgonjwa. Bati lote lilitetemeka kama debe tupu, na sakafu iliyo juu ya bomba la moshi ilichemka hadi muuguzi hakuweza kupiga goti.

Muuguzi huyo, Verediane, alikuja kutueleza mwenyewe. Alisema kwamba zamani, kila alipotaka kusikia moyo wa mtoto mchanga, ilimbidi amwambie dereva asimame na kuzima injini, na njia ya kwao haina pa kusimama. Saidati aliomba kupanda naye. Walikwenda na kurudi saa nzima. Aliposhuka, mchana ule hakugusa chakula.

Mkurugenzi wetu, Bwana Gakwaya, alikuwa tayari amenunua marobota ya lami ya kuezekea paa. Karakana nyingi hutumia hiyo kuzuia kelele: ni nzito, inanata, inapatikana. Gari lilitakiwa litoke Ijumaa.

"Mi sitaweka hii kitu chini ya mutoto wa mutu," Saidati akamwambia mbele yetu sote. "Muniache kwanza nipime."

"Mama Saidati, Ijumaa gari lisipotoka, wewe ndiye utakayewaeleza," akajibu Bwana Gakwaya.

"Bon. Nitaenda kuwaeleza."

Na kweli akaenda, akapanda mlima kwa pikipiki, akaomba siku nne. Verediane alimpa.

Siku hizo nne zilitufundisha sote. Saidati alikata vipande vya bati kutoka mlango uliokufa, akabandika kila kimoja kizuizi chake, akavitundika kwa waya na kuvipiga kwa mwiko wa ugali. Bati tupu lililia muda mrefu. La lami na la mpira wa butili wenye karatasi ya alumini yote mawili yalitoa mlio mfupi, kama kugonga mti. Bwana Gakwaya akatabasamu. Ndipo Saidati alipoviweka vipande juu ya mbabula yenye makaa. Lami ilianza kulegea, ikadondoka, ikatoa harufu iliyowafukuza mafundi wawili. Ule mpira ulikaa palepale.

Kisha akaloweka sponji na blanketi za gari kwenye ndoo siku mbili, akazipima kwa mizani ya sukari. Sponji laini, ambayo wengi wetu tulikuwa tukiisifu, ilikuwa imekunywa maji na kuwa nzito mara nne. "Kwa unyevu wa hii ziwa," alisema, "ukiweka hii, umepanda kutu."

Basi akachagua. Mpira wa butili katikati ya kila bati linalotetemeka, si kila mahali, ili gari lisiwe zito mlimani. Juu yake sponji ngumu isiyonywa maji. Na chini ya sakafu, juu ya bomba la moshi, ngao ya alumini iliyoachiwa nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite. Aliondoa matambara yote ya zamani na kukwangua kutu kwa mikono yake.

Siku ya majaribio Verediane alilala mwenyewe kwenye kitanda cha wagonjwa huku mwenzake akimpima, gari likipanda mlima, na moyo ukasikika. Wiki ya tatu haikuwa majaribio tena. Mama mmoja alijifungua mapacha kabla ya wakati, wakateremshwa hospitalini kwa gari hilo. Njiani Verediane, akiwa na kipimo masikioni, alisikia pumzi ya mmoja ikikatika. Alimsugua mgongo, akamsafisha njia ya hewa, akasikiliza tena. Dereva anasema alisikia sauti moja tu kutoka nyuma: "Iko anapumua! Twende, twende!"

Mapacha wote wawili walifika. Habari zilipoingia karakana, Bwana Gakwaya alitoka ofisini, akamshika Saidati mikono yote miwili na kusema, "Mama, nilikosea." Lami ile ilikwenda kuezeka banda la matairi, ambako inafanya kazi nzuri sana.

Tangu hapo vituo vingine vitano vimetuletea magari yao, na ukutani kuna maandishi ya mkono wa Saidati: Gonga. Choma. Loweka. Ndipo uchague. Fundi Mwiza, aliyefunzwa naye, ndiye anayeshika kitengo.

Mama Saidati, ahsante kwa masikio yako, kwa mikono yako, na kwa ile siku uliyokataa. Mungu akupe afya, wajukuu wakuzunguke, na kila asubuhi uamke pasipo gari lolote kukungoja. Sisi huku tutafanya kazi kama vile bado uko nyuma, umefumba macho, unasikiliza.