Mke Anayesubiriwa

Kwenye treni ya asubuhi, kiti cha mbele yangu, mshonaji mmoja alikuwa akimsimulia muuguzi mstaafu aliyeketi naye, mtu asiyemfahamu kabisa, habari za mumewe.

"Mwezi wa tatu huu anaamini mimi si mkewe, nafanana naye tu. Jana nimempa chai, akaniambia, 'Asante dada, mke wangu akirudi nitamweleza ulivyonitunza.'"

Nilikuwa nimeshika gazeti; sikumbuki liliandika nini.

"Na dawa za hospitali?" muuguzi akauliza.

"Amezikataa, mama. Anakubali hivi vidonge vitamu vya homeopathi, na angalau analala."

"Hivyo ni sukari, mwanangu. Usibishane naye, lakini mrudishe kwa daktari."

"Analala, nakwambia!"

"Na akiamka anakuita nani?"

Mshonaji akauliza taratibu, "Nimwambie mkewe anamsubiri hospitalini?"

"Usimdanganye. Mwambie ukweli, kwamba una wasiwasi naye."

"Atasema wasiwasi huo nimwachie mkewe."

Muuguzi, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu tuondoke, akafungua mdomo. Treni ikasimama. Mshonaji akachukua mkoba wake, akashuka.