Bango la Twalibu

Nilikuwa nachambua maharage ya Krismasi, ungo mapajani, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa pembeni yangu, Breki alipokata kona na pikipiki akazima mbele ya benchi. Benchi hili limeegemea ukuta wa nyumba yetu hapa Kasulu, njia ya sokoni. Wanaume wanakaa, mimi nawauzia kahawa, na siku ya mkesha kama leo wanakaa zaidi, maana nyumbani watatumwa. Ndayisaba tunamwita Pilato, kwa kuwa humhukumu kila mtu kisha akanawa mikono. Nurudini fundi cherehani ni Pindo. Breki jina lake ni Makarius, ana bodaboda, na sababu ya jina waulize abiria wake.

Breki: Mmesikia? Dukani kwa mzee Twalibu hakuna mteja. Tangu asubuhi, pakavu.

Pindo: Mkesha wa Krismasi? Acha fiksi.

Breki: Nimepita mara nne, mwanangu. Watu wanafika barazani, wanatazama juu, wanageuka. Wanaingia kwa jirani.

Nikaacha maharage. Claudine, binti yangu mkubwa, anachora kadi, mabango na fulana kwenye kompyuta. Hana bosi, ana wateja tu, na Twalibu ndiye mkubwa wao: mifuko, kalenda, vipeperushi, mwaka mzima. Jana jioni tu lilipandishwa bango jipya alilomchorea.

Mwaka jana Claudine aliila Krismasi kompyuta ikiwa magotini. Huyu anataka herufi nene, yule amekumbuka jina la shemeji halipo kwenye kadi. Siku iliyofuata tulimpeleka hospitali, macho yamevimba, hajui leo ni lini. Mwaka huu alijipanga. Alimaliza kazi za watu mapema, akampigia kila mteja, akapandisha tangazo WhatsApp kwamba amefunga hadi baada ya mwaka mpya. Sasa amezima simu, amelala, na dirisha lake liko juu ya vichwa vya hawa. Nimemwahidi hakuna atakayemwamsha.

Pilato: Wanatazama juu. Basi juu pana kitu.

Pindo: Kitu gani?

Pilato: Mimi sisemi. Ila jirani yake alikwenda Murungu wiki iliyopita. Alifuata nini, kama si dawa?

Breki: Alizika shangazi yake.

Pilato: Ndivyo alivyowaambia.

Pindo: Mimi nasema ni rangi. Lile bango ni jekundu mno. Mtu katoka kijijini Heru Juu, miezi mitatu anatazama mihogo, ukimpiga na nyekundu ile ghafla, tumbo linakataa kununua.

Breki: Wazee mmelala. Siku hizi kuna mabango yana jicho ndani. Linakusoma usoni, linajua mfukoni una nini. Mtu hajui, lakini mwili unajua, unageuka wenyewe.

Pilato: Kwa hiyo tumekubaliana ni bango. Na bango kalichora nani?

Wote wakanitazama.

Mimi: Kunywa kahawa yako, Pilato.

Pilato: Sijamtaja mtu, mama Claudine. Nauliza tu.

Kabla sijamjibu, Twalibu mwenyewe alitokea, kwa miguu, kofia mkononi. Sijawahi kumwona bila kofia kichwani.

Mimi: Shikamoo, mzee.

Twalibu: Marahaba. Niitie mtoto.

Mimi: Amelala.

Twalibu: Nampigia tangu saa mbili. Biashara yangu inakufa, yeye kazima simu.

Mimi: Alikwambia atazima. Ukajibu sawa.

Twalibu: Ile sawa ni ya siku za kawaida.

Mwanamke mgeni akaja na mfuko wake, akaomba kahawa. Alisema anaitwa Mwamvua, ameshuka sasa hivi kwenye basi la Kibondo.

Mwamvua: Samahanini. Niliagizwa vitenge kwa Twalibu. Kwa nini amefunga sikukuu yote hii?

Twalibu: Twalibu ni mimi. Nani kakwambia nimefunga?

Mwamvua: Si mmeandika? Tumefunga, tutafungua baada ya mwaka mpya, tunawatakia sikukuu njema. Mlango niliuona wazi, nikajua mnapiga deki.

Hapo nikaelewa. Nilikuwepo ujumbe wa sauti wa Twalibu ulipoingia. Alikuwa ameona tangazo la Claudine, herufi za dhahabu kwenye nyekundu, akadhani ni sampuli. Alisema: hilohilo, mwanangu, usiguse kitu, toa jina lako weka langu. Claudine akamwandikia, una uhakika, mzee? Akajibiwa dole gumba. Naye alikuwa na kazi za watu mezani, akatoa jina akaweka jina.

Mwamvua: Kwani mzee, hukulisoma?

Twalibu aligeuzageuza kofia mkononi. Breki ndiye aliyeshika ngazi lilipopandishwa. Pindo alilikunja kingo kwa cherehani yake. Pilato alipigwa picha chini yake. Kila mtu alitazama ndani ya kikombe chake.

Twalibu: Mwamshe alirekebishe. Sasa hivi, lichapwe, liwahi gari la kulileta leo.

Ndani kitanda kililia. Claudine alikuwa macho. Nilijua huyu mzee akiondoka, Januari tutategemea birika hili peke yake.

Mimi: Simwamshi.

Twalibu: Basi mwakani kazi zangu zinakwenda Kigoma. Wapo wachoraji wasiolala.

Mimi: Zipeleke, mzee. Lakini kwanza mchukue Breki na ngazi, mkalishushe. Soko bado limejaa.

Alisimama kidogo, kama mtu ambaye wazo la kulishusha halikuwa limempitia. Kisha akavaa kofia, akaondoka. Breki akamfuata. Mwamvua akameza kahawa yake haraka, akawafuata na mfuko.

Jioni nilitandika mkeka, nikaweka ugali wa muhogo na sufuria ya samaki wa migebuka. Claudine akatoka chumbani na kompyuta kwapani.

— Mama, ni maneno mawili tu. Dakika kumi.

Mwaka jana pia ilianza na dakika kumi. Niliweka sahani mahali pake. Nduwayezu, baba yake, alisogea kwenye mkeka, ikabaki nafasi.

— Bango liko wapi sasa? aliuliza Nduwayezu.

— Limeshushwa. Breki anasema watu walijaa mpaka giza.

— Na mzee Twalibu kasemaje?

— Anakwenda Kigoma.

— Ego, ndiyo, alisema Nduwayezu, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha.

Claudine alibaki amesimama. Bibi yake akakohoa, wadogo zake watatu wakaacha kusukumana. Kisha Claudine akarudi chumbani, akaiacha kompyuta huko, na alipotoka tena alikuwa na jagi la maji na beseni. Akaanza na mikono ya bibi, akaja kwa baba yake, akamalizia kwa wadogo zake na kwangu. Akakaa.

Nikahesabu vichwa. Saba. Nikafunua sufuria.