Watani Waliokuja Kunizika

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Leo nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo peke yake latosha kuwa ushuhuda.

Mnanijua, mimi ni Mama Stella muuza vitunguu, mtoto wa Mnyamwezi aliyeletwa Kilosa na kazi ya mkonge. Nilikuwa natoka Malolo na mzigo, gari likapinduka kabla ya kufika Mikumi. Paja likachanika vibaya. Nilizinduka wodini, mwili wa baridi, dari ikienda taratibu kama maji ya mto. Nikamsikia daktari akimwambia binti yangu kwamba bila damu hawezi kunipasua, na damu ya kundi langu imekwisha. Stella alipimwa, yake haikunifaa. Akapiga simu nyumbani kuomba watu, lakini kilio kikamzidi, simu ikakatika. Huko wakadhani nimekufa.

Ndugu zangu, maumivu yaliniacha. Nikajiona kwenye mkonge, umechanua hadi upeo wa macho, na marehemu baba ananiita kwa jina la utotoni. Nilitaka kwenda. Nawaambia kweli, nilitaka sana.

Ndipo nikaona malaika mlangoni. Amejipaka majivu usoni, amevaa gauni langu la Krismasi. Nikashangaa, kumbe mbinguni wanavaa nguo zetu!

Alikuwa jirani yangu Habiba, Mluguru, mtani wangu. Yeye na wenzake walikuja kuuchukua mwili, na kufanya utani wa msibani kama ilivyo ada: kujipaka majivu, kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake mpaka wafiwa wacheke. Mochwari wakaambiwa mtu huyo yuko wodini, anapumua. Muuguzi akawauliza kama wako tayari kupimwa damu. Habiba akakunja mkono wa gauni langu, wenzake nao wakakunja mashati. Damu yake na ya shemeji yake, mmoja wa hao wenzake, zikanifaa, zikakaguliwa, zikawa salama.

Joto lilianzia mkononi, likapanda polepole. Baba akaacha kuniita. Walipokwisha kunipasua na kunishona, nilifumbua macho nikamwona Habiba ameniinamia.

"Mnyamwezi wewe, hata kufa hujui," akasema, machozi yakichora mistari kwenye majivu.

Wapendwa mlioniombea, asanteni. Mungu alijibu kwa mikono ya watu waliokuja kunicheka. Mtumainini, hata msipomtambua anapoingia. Na wakija wakusanya damu, nendeni, msingoje habari za msiba.

Habiba yule pale benchi la nyuma, amekuja kusikia kama nitamsengenya. Gauni alilovaa ni lile lile langu. Alivae mpaka lichakae.