Sauti ya Mama Mvua Iliyowahamisha Watu wa Bondeni

Tangu juzi watu wanaingia kwetu, wanatoa pole, wanakaa, kisha wanauliza kwa sauti ya chini: "Na ile sauti yake ya kwenye simu, ndiyo inazimwa?" Subirini. Wasifu una utaratibu wake, na marehemu hakupenda kukatizwa. Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, aliyegombezwa naye tangu akiwa anabebwa mgongoni.

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Mvua, alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi mabehewa. Mama alisimulia kwamba siku hiyo kichanga huyo alilia mpaka jirani wa nyumba ya nne akaja kuuliza kulikoni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Alichapwa kwa kuongea darasani, akahamishiwa dawati la mbele kwa kuongea, hadi mwalimu mkuu akachoka na kumpa kazi ya kusoma matangazo kila asubuhi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, kisha akasomea upigaji chapa.

Mwaka 1978 aliajiriwa redioni kama mpiga chapa. Siku moja msomaji wa hali ya hewa alipatwa na mafua, sauti ikakauka kabisa, dada akasukumwa kwenye kiti. Taarifa ilisema mvua kubwa inatarajiwa. Akaisoma yote, halafu akaongeza ya kwake: "Na nyie mlioanika nguo, mnangoja nini?" Mkuu wake alikuja juu, lakini kesho yake wasikilizaji walipiga simu wakimtaka yeye. Hakutoka kwenye kiti hicho mpaka alipostaafu mwaka 2014.

Tarehe 3 Septemba 1983 alifunga ndoa na fundi mitambo wa studio, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Alipoulizwa amewezaje kuishi na mwanamke mwenye mdomo vile, alijibu, "Swichi ilikuwa kwangu." Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2021 wataalamu wa maafa walifunga mtambo wa kupima maji ya mto na kuwapigia simu watu wa bondeni kabla mafuriko hayajafika. Mtambo ulikuwa mzuri, ila ulisema kwa sauti ya kompyuta, na watu waliikata wakidhani ni matangazo ya biashara. Ndipo mhandisi, binti mdogo tu, alipokuja kumwomba dada sauti yake. Walirekodi stoo, magodoro yamefunika kuta, mpaka kompyuta ikajifunza kusema kama yeye. Siku ya majaribio simu zikalia: "Ndugu wananchi, mnaombwa kuhama kwa utulivu." Watu wakatabasamu, "Jamani, Mama Mvua huyo!" wakaendelea kupika. Hakuhama hata mmoja. Dada aliwaka: "Mmenifanya nani? Tangu lini mimi nikaomba? Watu wetu hawahami kwa kubembelezwa!" Akarudi stoo, akarekodi upya: "Nyie wa bondeni! Acha sufuria, shika mtoto, panda shuleni. Sufuria itanunuliwa, wewe hununuliki!"

Aliwahi, maana mwanzoni mwa 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na upasuaji ukaondoka na sauti yake. Mwezi Novemba mwaka huohuo mto ulivunja kingo mchana kweupe. Simu zikalia, watu wa bondeni wakapanda shuleni huku wakinung'unika. Nyumba zilikwenda na maji, lakini mtu hakwenda hata mmoja. Dada alipopata habari alicheka bila mlio, machozi yakimtoka, akaandika kwenye ubao wake mdogo: "Kumbe bado wananiogopa."

Sasa lile swali lenu. Baada ya mafuriko hayo ilitungwa sheria kwamba sauti ya mtu iliyoundwa na kompyuta isitumike baada ya kifo chake, ila kama mwenyewe aliridhia akiwa hai na mwenzi wake akaridhia pia. Dada aliridhia palepale. Shemeji alikataa. "Mke wangu awe kaburini, halafu aongee kwenye simu za watu? Sitaweza." Dada alimbembeleza kwa ubao, yeye ambaye hakujua kubembeleza, asifanikiwe. Saratani ilirudi, na tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, alituacha nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Imetuuma sana.

Juzi alikuja mama mmoja wa bondeni na mtoto mgongoni, aliyezaliwa baada ya mafuriko. Akatoa pole, kisha akasema, "Baba, mvua hizo zinakuja. Sisi tunajijua, bila kugombezwa hatutoki." Shemeji aliinuka, akaenda kukaa uani peke yake mpaka chai yake ikapoa.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita, wadogo zake wanne, na bonde zima la watu. Leo asubuhi shemeji ametutuma tuwaambie kwamba ameridhia. Sauti haizimwi. Amemwomba mhandisi jambo moja tu, namba yake nayo iwekwe pamoja na za watu wa bondeni. Binti akamwambia, "Lakini baba, wewe unakaa kilimani, maji hayafiki kwako."

"Najua," shemeji akasema. "Nipigieni tu."

Pumzika kwa amani, dada. Ukituita, tutapanda.